Injini ya V6 inasita juu ya mizunguko 4500 ikikanyagwa mafuta hadi mwisho: tuichunguze kwa vipimo

Gia ya Tatu

Wakuu, habari zenu. Nina gari la michezo la milango miwili lenye injini ya V6 ya lita 3.5 isiyo na tabo (kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini), throto ya umeme (mlango wa hewa ya injini), na koili moja ya kuzalisha cheche juu ya kila plagi. Likiendeshwa kwa upole halina kasoro yoyote: linawaka mara moja, linatulia, na kasi inapanda bila mshtuko. Tatizo linajitokeza ninapokanyaga mafuta hadi mwisho. Kuanzia mizunguko 4500 hivi kwa dakika injini inasita kana kwamba imekatiwa kitu, inashika kidogo, kisha inasita tena mpaka niachie kanyagio. Katika gia ya pili hali hiyo ni hafifu, lakini katika gia ya tatu na ya nne ni dhahiri hata kwa abiria.

Taa ya injini haijawaka. Fundi wa kwanza alisema ni misi, yaani silinda inakosa kuwaka, akabadilisha plagi zote sita na koili zote sita, na hakuna kilichobadilika. Wa pili anataka kubadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu anasema masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) yameziba na yatolewe. Kila mmoja anazungumza kwa uhakika kabisa, na hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Kabla sijanunua kifaa kingine, ningependa kujua ni vipimo gani vitakavyotenganisha dhana hizi tatu.

Throto Wazi

Ndugu, maelezo yako tayari yamepunguza orodha, kwa sababu kusita kwa injini si ugonjwa mmoja, na wakati kunapotokea ndio unaotuelekeza.

Injini ikisita palepale unapogusa kanyagio, kisha ikaendelea vizuri, mara nyingi hewa imeingia ghafla kuliko mafuta yaliyoandaliwa: mpira wa hewa uliopasuka baada ya kipimo cha hewa, throto yenye utando mweusi, au sensa ya kanyagio yenye sehemu iliyochakaa. Ikisita katikati, kati ya 2000 na 3500, huku mzigo ukiwa wa wastani, ndipo ninapofikiria koili dhaifu, plagi zenye pengo lililopanuka, au mfumo wa kubadilisha majira ya vali usiotii amri. Ikisita juu, chini ya mzigo kamili tu, kama ilivyo kwako, maswali yanabaki mawili makubwa: je, hewa inaingia na kutoka kwa wingi unaotakiwa, na je, mafuta yanafika kwa wingi unaolingana na hewa hiyo? Cheche nayo inaweza kushindwa hapo juu, kwa maana shinikizo ndani ya silinda linapopanda, volti zinazohitajika kuruka pengo la plagi hupanda pia. Lakini plagi na koili zako ni mpya, na kwa sasa ningeziweka kando, ilimradi pengo lilipimwa na ni lile linalotajwa na mtengenezaji wa injini.

Tafuta skana inayoweza kurekodi data wakati gari linatembea, si ile inayosoma misimbo ya hitilafu peke yake. Rekodi vitu vinne: gramu za hewa kwa sekunde, masahihisho ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) ya muda mfupi na ya muda mrefu kwa benki zote mbili, yaani safu mbili za silinda, uwiano wa hewa na mafuta kutoka kwenye sensa za mbele ya masega (namba ikipanda, mafuta yamepungua), na mizunguko ya injini. Kwanza injini ikiwa imepata joto bila kukanyagwa, kisha ikishikiliwa kwenye 2500, kisha kwenye rola za kupimia nguvu au uwanja uliofungwa, gia ya tatu, throto wazi kabisa. Kipimo cha mwisho kiwe kifupi. Ikiwa mafuta kweli yanapungua, kila sekunde ya mzigo kamili inapandisha joto ndani ya silinda na kukaribisha kugonga kwa injini, na pistoni haitasubiri umalize kurekodi.

Koili Sita

Mimi bado ningeanza na masega. Gari likikosa pumzi juu huku likiwa zuri chini, kwa uzoefu wangu ekzosi imeziba. Yatoe uone.

Throto Wazi

Koili Sita, dhana yako ina msingi, ila kuyatoa si kipimo. Fungua sensa ya mbele ya masega, funga geji ya shinikizo mahali pake, na ushikilie injini kwenye 2500. Shinikizo likizidi takriban kPa 20 hapo, kuna kizuizi. Na hata kabla ya kufungua chochote, data niliyoiomba itasema kitu, kwa sababu injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Masega yakiwa yameziba, gramu za hewa zitakuwa chache kuliko zinavyotakiwa, lakini kompyuta itatoa mafuta yanayolingana na hewa hiyo chache, na uwiano utabaki sawa. Gari litakosa nguvu bila kukosa mafuta. Tusubiri namba.

Gia ya Tatu

Nimerudi na data, na gari lilikuwa juu ya rola. Injini ikiwa imetulia, hewa ni gramu 4 kwa sekunde na masahihisho ya muda mrefu ni +2 kwa asilimia katika benki ya kwanza na +1 katika ya pili. Kwenye 2500 bila mzigo ni +2 kwa benki zote. Mzigo ukiongezeka, masahihisho yanapanda hadi +5 pande zote mbili. Throto ikiwa wazi kabisa, hewa inafika gramu 204 kwa sekunde kwenye mizunguko 6200, na uwiano, ambao mwendesha rola aliniambia unapaswa kuwa karibu na 12.6, unapanda kutoka 12.9 kwenye 3500 hadi 14.5 kuanzia 4700. Sensa zote mbili zinaonyesha kitu kilekile.

Throto Wazi

Hii ni data nzuri, na inafaa kusomwa polepole.

Tuanze na hewa. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Lita 3.5 zikijazwa mara 3100 kwa dakika, yaani nusu ya 6200, ni lita 10,850 kwa dakika, au kama lita 181 kwa sekunde. Lita moja ya hewa karibu na usawa wa bahari, kwenye nyuzi 20 hivi, ina uzito wa gramu 1.2. Kwa hiyo silinda zikijaa kikamilifu tungetarajia gramu 217. Wewe umepata 204, ambayo ni asilimia 94. Kwa injini isiyo na tabo hiyo ni pumzi nzuri kabisa. (Anayefanya hesabu hii kwenye mwinuko mkubwa au siku ya joto kali apunguze uzito wa hewa kwanza, la sivyo atailaumu injini kwa kosa la anga.)

Namba hiyo moja inajibu mambo mawili. Masega hayajaziba kwa kiasi cha kuleta tatizo hili, na kipimo cha hewa hakidanganyi juu. Kipimo cha hewa kilichochafuka mara nyingi husoma pungufu kwenye mtiririko mkubwa, na hapo ungeona 160 au 170, huku masahihisho yakipanda. Wengi hukinyunyizia dawa ya kusafishia throto, ambayo inaweza kukiua. Kina dawa yake maalumu, na wewe huihitaji.

Hewa inayopenya nyuma ya kipimo cha hewa bila kuhesabiwa nayo tunaiondoa. Ufa kwenye gasketi au hosi huonekana zaidi injini ikiwa imetulia, pale gramu 4 tu zinapopita na gramu moja ya wizi ni kubwa. Masahihisho yangekuwa +15 au zaidi chini, kisha yangeshuka kwenye 2500. Kwako yanakwenda kinyume: sawa chini, juu yanapanda. Huo ni mwenendo wa mafuta yasiyotosha.

Koili Sita

Nakubali kuhusu masega. Lakini naomba nitetee jina langu. Silinda isipowaka, oksijeni yake haitumiki, inatoka kwenye ekzosi, na sensa inaihesabu kama upungufu wa mafuta. Huenda basi uwiano wa 14.5 unatokana na misi na si mafuta.

Throto Wazi

Hoja sahihi, na ni mtego uliowagharimu watu pampu nzima. Ila misi inayotokana na koili moja au plagi moja ingeonekana kwenye benki moja, na kihesabio cha misi cha silinda hiyo kingepanda. Benki mbili zinazoonyesha namba moja zinadai chanzo kimoja kinachozihudumia zote, na katika injini hii kitu hicho ni shinikizo la mafuta. Zaidi ya hayo, uwiano ulianza kupanda kwenye 3500, kabla ya kusita kokote. Kusita ndiko kunakofuata.

Fundi Volti

Naingia hapa kwa kuwa tunakaribia eneo langu. Gia ya Tatu, kabla ya kugusa pampu, pima shinikizo lake chini ya mzigo. Injini za aina hii hazina bomba la kurudisha mafuta. Kirekebishi kimo ndani ya tangi, na shinikizo linalotarajiwa ni takriban kPa 350 wakati wote. Geji ya kawaida inayosomwa boneti ikiwa wazi haitakuambia kitu cha maana, kwa sababu injini iliyotulia haili karibu chochote. Fanya hesabu kwa namba zako mwenyewe: gramu 4 za hewa kwa uwiano wa 14.7 ni kama lita 1.3 za petroli kwa saa. Gramu 204 kwa uwiano wa 12.6 ni kama lita 79 kwa saa. Pampu iliyochoka hutoa lita 1.3 bila kutoka jasho. Swali ni kama inatoa 79 bila shinikizo kushuka.

Tumia sensa ya shinikizo yenye waya, isomwe kutoka ndani ya gari au kwenye kompyuta ya rola. Watu hufunga mpira mrefu wa mafuta na kubandika geji kwenye kioo cha mbele. Mimi siafiki, kwa kuwa kiungo kimoja kikilegea unanyunyizia petroli juu ya injini ya moto.

Gia ya Tatu

Imepimwa juu ya rola. Injini ikiwa imetulia ni kPa 350. Throto wazi, kwenye 3500 ni 320, kwenye 4700 ni 240, na haipandi tena mpaka niachie. Kumbe fundi wa pili alikuwa sahihi? Niagize pampu?

Throto Wazi

Namba zinashikana. Mafuta yanayopita kwenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta) hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, si shinikizo lenyewe. Gawanya 240 kwa 350, chukua kipeuo chake, unapata 0.83: nozeli zinatoa asilimia 17 pungufu ya kile kompyuta inachodhani zimetoa. Uwiano wa 12.6 ungekwenda hadi 15.2. Yale masahihisho ya +5 yanarudisha kiasi fulani, na unabaki karibu na 14.5, ambayo ndiyo uliyosoma. Kwa nini gia ya pili ilikuwa hafifu? Kwa sababu injini inapita eneo hilo haraka. Katika gia ya nne inakaa hapo kwa muda mrefu zaidi.

Fundi Volti

Usiagize bado. Shinikizo kushuka kunakuambia kwamba pampu haitoi, hakukuambii ni kwa nini. Sababu zinazobaki ni tatu: pampu imechakaa, chujio upande wa kuvuta limeziba, au pampu hailishwi umeme wa kutosha. Ya tatu inapimwa bila kufungua tangi, basi ianze hiyo.

Pima volti kwenye soketi ya pampu ikiwa imeunganishwa na injini iko chini ya mzigo, huku mtu mwingine akiangalia volti za betri kwa wakati uleule. Kisha gawa upotevu katika sehemu mbili: kutoka chanya ya betri hadi chanya ya pampu, na kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri. Kila upande ukipoteza chini ya nusu volti, nyaya ni nzima na pampu au chujio vina kesi ya kujibu.

Gia ya Tatu

Nilishapima nyaya hizo kwa multimita kwenye ohmu, gari likiwa limezimwa, na hakuna kilichoonekana kibaya. Je, bado ni lazima?

Fundi Volti

Ni lazima. Pampu ya namna hii inaweza kuvuta ampea 8 hivi chini ya mzigo. Ukinzani wa ohmu 0.3 tu kwa ampea hizo unakula volti 2.4. Nyaya za multimita ya kawaida zenyewe zina ohmu 0.2 au 0.3, na kwa hiyo ulichokuwa unakitafuta kinafichwa na kifaa unachotafutia. Mkondo unapopita, ukinzani huo hauna pa kujificha.

Gia ya Tatu

Betri: volti 14.0. Kwenye pampu, throto wazi: 11.3. Upande wa chanya, pamoja na rilei na fyuzi, unapoteza 0.3. Upande wa hasi unapoteza 2.4.

Nilifuata waya wa ethi (ule wa upande wa hasi) kutoka kwenye tangi hadi unapofungwa kwenye bodi, nyuma ya kiti, chini ya zulia. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri, na ndiyo maana mtu akiitikisa kwa mkono anaridhika, lakini chini ya pete ya waya kulikuwa na kutu ya kahawia, na plastiki ya waya kwenye sentimita za mwisho ilikuwa imebadilika rangi na kukakamaa.

Fundi Volti

Kubadilika rangi huko ni hesabu ileile kwa sura nyingine: volti 2.4 kwa ampea 8 ni karibu wati 19 za joto katika eneo dogo kama kucha. Na kadiri linavyopata joto, ndivyo kutu inavyozidi.

Tenganisha betri kwanza, kwa kuwa uko karibu na tangi. Kata sehemu iliyokakamaa, weka pete mpya iliyobanwa kwa koleo lake, kwangua bodi hadi chuma king'are, funga, kisha upake kinga ya kutu juu baada ya kukaza. Usipake rangi kabla ya kukaza. Nimekuta ethi zilizofungwa juu ya rangi, na mwenye gari anajiuliza kwa nini taa zinafifia.

Gia ya Tatu

Nimefanya hivyo. Volti kwenye pampu chini ya mzigo sasa ni 13.5. Shinikizo halishuki chini ya kPa 344 hadi mizunguko 6500. Uwiano ni 12.7 na umenyooka. Kusita kule juu kumekwisha katika gia zote. Nilifuta masahihisho ya zamani kwenye kompyuta, kisha nikaiacha ijifunze upya, na baada ya kuendesha kwa kawaida yanasoma +1 na +2.

Limebaki jambo dogo ambalo pengine lilikuwapo siku zote, ila lilifunikwa na lile kubwa: mshtuko mwepesi sana ninapogusa kanyagio kutoka mwendo wa polepole.

Throto Wazi

Hiyo ni ile aina ya kwanza niliyoitaja. Fungua mpira wa hewa utazame throto. Ukikuta ukingo mweusi, usafishe kwa kitambaa na dawa ya throto. Usikisukume kibati chake kwa kidole wakati switchi ya gari imewashwa, kwa maana gia zake za plastiki ni dhaifu. Kisha fuata utaratibu wa kuifundisha kompyuta upya mahali throto inapofunga, la sivyo injini itazunguka juu kupita kiasi ikiwa imetulia.

Gia ya Tatu

Ulikuwepo ukingo mweusi. Umesafishwa, kompyuta imefundishwa upya, mshtuko umetoweka. Ninawashukuru sana.

Kivuli cha Tabo

Samahani kwa kuingilia uzi uliokwisha. Langu ni la silinda nne, lina tabo, na nozeli zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Linasita vilevile juu, chini ya mzigo kamili. Nifuate njia hii hii?

Throto Wazi

Ifuate hadi kwenye data, kisha njia inagawanyika. Injini yako ina pampu mbili: ya ndani ya tangi, ambayo inapimwa kama tulivyoona, na ya mitambo inayosukumwa na kemu (mhimili unaofungua vali), inayopandisha shinikizo hadi bar 200 au hata 350 kutegemea kizazi cha injini. Rekodi shinikizo linaloombwa na shinikizo linalopatikana kwenye reli (bomba linalogawia nozeli mafuta). Yakiachana juu, pima kwanza ile ya chini, kwa kuwa pampu ya juu isiyolishwa haiwezi kusukuma.

Yakishikana, rudi kwenye hewa na cheche. Linganisha shinikizo la tabo linaloombwa na linalopatikana. Mpira uliochanika baada ya tabo hupumua tu unapojaa. Na pengo la plagi kwenye injini yenye tabo huwa dogo, mara nyingi karibu na mm 0.7, kwa sababu hewa iliyobanwa zaidi inadai volti nyingi zaidi. Plagi iliyochakaa hadi 1.0 inaweza kufanya kazi vizuri bila mzigo, kisha cheche ikazimika tabo linapojaa. Masizi kwenye vali za kuingizia nayo ni ya kawaida katika injini hizi, kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali na kuziosha, lakini dalili zake hujitokeza zaidi injini ikiwa baridi na imetulia, si juu.

Fungua uzi wako ukiwa na namba hizo: shinikizo la reli, shinikizo la tabo, masahihisho ya mafuta, na kihesabio cha misi kwa kila silinda. Koili Sita ataupenda.

Koili Sita

Nasubiri.